Kabla Hujakosa Hedhi: mwongozo wa siku 28 za mwanzo kwa wazazi wa Tunduma na Songwe

Chukua kalenda na kalamu. Weka alama tarehe 1 Machi, tuseme ndiyo siku hedhi yako ya mwisho ilipoanza, na mzunguko wako ni wa siku 28. Yai hupevuka karibu na katikati ya mzunguko, kwa hiyo mimba ikitunga itatunga kwenye tarehe 15. Weka alama ya pili hapo. Tarehe 29 unasubiri hedhi na haiji. Hiyo ni alama ya tatu. Kesho yake, ndani ya mji wa mimba, kiinitete ambacho hakijafikisha hata milimita 2 kinaanza kujipanga katika matabaka matatu yatakayotoa kila kiungo cha mwanao. Tarehe 12 Aprili, yaani siku ya 28 tangu mimba itunge, neli itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo inapaswa iwe imefungwa yote. Hiyo ndiyo alama ya nne. Isipofungwa kufikia hapo, haitajifunga tena.

Kati ya alama ya tatu na ya nne kuna wiki mbili tu. Sasa mfikirie mama mwenye genge pale Tunduma, au yule anayevuka kila siku kwenda Nakonde na kurudi. Wiki ya kwanza anasema ni uchovu. Ya pili anasema labda ni ile sindano ya uzazi wa mpango aliyoiacha, bado inamvurugia mzunguko. Anapokuja kununua kipimo cha mkojo, katikati ya Aprili imeshafika. Kliniki ataanza mwezi wa nne au baadaye, kama wafanyavyo wengi nchini, ingawa Shirika la Afya Duniani linataka hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12. Siku hiyo atapewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na foliki asidi. Avimeze, vina kazi kubwa kwake na kwa mtoto. Kwa ile neli, hata hivyo, vimechelewa.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mjamzito. Unaanza na wewe ambaye bado hujashika mimba na unafikiria kushika, au hufikirii lakini pia hutumii njia yoyote ya kuzuia. Kundi hili la pili ni kubwa, na ndilo linalosahaulika.

Humo ndani hupangwa nini

Wiki ya kwanza yai lililorutubishwa hugawanyika huku likisafiri kwenye mrija wa uzazi, kisha hujipachika kwenye ukuta wa mji wa mimba. Mwisho wa wiki ya pili, sehemu itakayokuwa mtoto mwenyewe ni kisahani chembamba cha seli, matabaka mawili tu. Zilizobaki zinatengeneza kondo na mifuko ya kumkinga. Hadi hapo mwili wa mama bado haujatoa dalili yoyote ya maana.

Wiki ya tatu ndiyo ya kuiangalia kwa makini. Siku ya 15 hivi, mstari unajitokeza upande mmoja wa kile kisahani. Seli za tabaka la juu zinausogelea, zinazama ndani yake na kusambaa kwa chini. Zinazotangulia zinaliondoa tabaka la chini la zamani na kukaa mahali pake: hizo ni endodemu, tabaka la ndani. Zinazofuata zinabaki katikati, nazo ni mesodemu. Zilizobaki juu bila kuzama ndizo ektodemu. Mstari huohuo ndio unaoamua mwili utaelekea wapi. Upande ulikoanzia patakuwa makalio, upande wa pili kichwa, na hata moyo kukaa kushoto na ini kulia huamuliwa kuanzia hapo.

Endodemu itatoa utando wa ndani wa njia ya chakula na wa mapafu, pamoja na ini, kongosho na tezi ya shingo. Mesodemu itatoa moyo, damu na mishipa yake, misuli, figo na sehemu kubwa ya mifupa. Ektodemu itatoa ngozi ya juu, nywele, kucha, enameli ya meno, lenzi ya jicho, na mfumo wote wa fahamu. Wengi hushangaa wakisikia hilo la mwisho: ubongo na ngozi ni ndugu wa tabaka moja.

Tena kuna kundi la seli zinazoanzia kwenye kingo za neli ya fahamu kisha zinahama. Nyingine huenda kujenga mifupa ya uso, nyingine huwa neva za utumbo, nyingine huishia kwenye tezi zilizo juu ya figo. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zimo katika msafara huo. Rangi unayoiona kwenye kioo asubuhi ilianza safari yake mgongoni, ukiwa na umri wa wiki chache tumboni.

Mtu wa kwanza kuyaeleza matabaka haya hakumchunguza binadamu. Christian Pander, mwaka 1817 mjini Würzburg, Ujerumani, alivunja mayai ya kuku kwa maelfu, moja baada ya jingine kwa kufuata saa, na kuona kwamba kifaranga huanza kama matabaka yaliyolaliana. Mwaka 1924, Hilde Mangold na mwalimu wake Hans Spemann wakaonyesha jambo zito zaidi. Walichukua kipande kidogo cha kiinitete cha mjusi wa majini, wakakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine, na pale kikaota kiwiliwili cha pili chenye uti wa mgongo wake, kilichojengwa kwa sehemu kubwa na seli za mwenyeji. Maana yake, tabaka haliamui peke yake litakuwa nini. Tabaka la kati hutuma ujumbe wa kikemikali kwa tabaka la juu, nalo likiupokea, sehemu yake ya katikati ya mgongo huacha kuwa ngozi na kuwa fahamu. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Mangold alifariki kwa ajali ya moto mwaka uleule wa 1924, akiwa kijana.

Mwalimu wa bayolojia wa Vwawa au Mlowo anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake haya bila maabara. Tafuta mayai ya kienyeji kwa mtu mwenye jogoo bandani, maana mayai ya kisasa ya trei hayana mbegu. Yaweke chini ya kuku anayeatamia, na uandike saa kwenye ganda kwa penseli. Baada ya siku tatu, lishike yai moja mbele ya tochi ya simu kwenye chumba chenye giza: utaona utandabui mwekundu wa mishipa juu ya kiini. Hiyo ni kazi ya mesodemu. Ukilivunja taratibu kwenye bakuli lenye maji ya chumvi kidogo ya uvuguvugu, utauona moyo ukidunda kwa macho matupu. Ndani ya saa 48 za kwanza sehemu ya kichwa ya neli ya fahamu huwa imekwisha kufungwa. Kuku ana haraka. Kazi ya wiki mbili za binadamu yeye huimaliza kwa siku mbili.

Neli inavyofungwa, na inavyokataa

Siku ya 18 au 19 katikati ya mgongo wa kiinitete kuna ubapa wa ektodemu ulioneneka. Katikati yake panadidimia, kingo zinainuka, zinaelekeana na kukutana siku ya 22 hivi, kwenye sehemu itakayokuwa shingo. Ni siku zilezile moyo unapoanza kudunda. Kutoka shingoni ufungaji unakwenda pande zote mbili. Umewahi kumwona mpakizi wa mahindi pale Mlowo akianza na shazia katikati ya mdomo wa gunia, akashona kwenda kulia, kisha akarudi kumalizia kushoto? Mpango ni huohuo. Ncha ya kichwani hufungwa siku ya 25, ya chini siku ya 27 au 28.

Ncha ya juu isipofungwa, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havitajengwa, na mtoto huyo hawezi kuishi. Chini pasipofungwa, anazaliwa na mgongo wazi: uvimbe au kidonda katikati ya mgongo, mara nyingi kiunoni, wakati mwingine uti wa fahamu ukionekana. Wengi wa watoto wenye mgongo wazi hupata pia maji kichwani, ndicho kile tunachokiita kichwa kikubwa. Miguu inaweza kuwa dhaifu, na mkojo na choo visizuilike.

Nitenganishe jambo moja hapa kwa sababu mitaani huchanganywa. Kichwa kikubwa peke yake, bila mgongo wazi, mara nyingi kina chanzo kingine. Katika hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf na wenzake walikuta zaidi ya nusu ya watoto wenye maji kichwani waliyapata baada ya maambukizi ya ubongo, mengi yakiwa ya miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa. Foliki asidi haizuii hiyo. Inayozuia ni kitovu kisafi na kumwahisha kituoni mtoto mchanga mwenye homa.

Sasa lile ambalo hutalisoma kwenye kadi ya kliniki. Mtoto wa mgongo wazi akizaliwa, maneno huanza kabla mama hajatoka wodini: katupiwa kitu, ukoo wao una laana, alimkosea mama mkwe. Ndoa huvunjika kwa maneno hayo. Msomaji, wewe umeona ratiba. Neli hujifunga katika siku 28 za mwanzo, wakati mama mwenyewe hajui kama ana mimba. Ikishindwa kufungwa ni kwa mchanganyiko wa urithi, upungufu wa vitamini iitwayo foleti na mambo mengine ya mwilini. Hakuna jirani aliyeingiza mkono. Na baba aache kumwangalia mkewe peke yake, kwa kuwa vinasaba vya mtoto vimetoka kwa wote wawili.

Kidonge, kipimo na wakati

Foleti ni vitamini ya jamii ya B. Seli huihitaji kutengeneza DNA kila zinapogawanyika, na hakuna wakati ambao seli za binadamu hugawanyika kwa kasi kama wiki hizo. Foliki asidi ni foleti iliyotengenezwa kiwandani. Mwili huifyonza vizuri kuliko ile ya kwenye chakula.

Kipimo kwa mwanamke ambaye hajawahi kupata mtoto mwenye tatizo hili ni miligramu 0.4 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Mimi ningekushauri uanze miezi mitatu kabla, kwa sababu akiba mwilini haijai kwa siku moja, na mimba haifuati mpango wako. Katika miaka ya 1990 nchini China, wanawake karibu 248,000 walifuatiliwa kwa kipimo hiki cha miligramu 0.4. Kwenye mikoa ya kaskazini, ambako tatizo lilikuwa kubwa, kwa waliomeza tangu kabla ya mimba lilipungua kwa asilimia 79. Kusini, ambako tatizo lilikuwa dogo tangu mwanzo, lilipungua kwa asilimia 41. Kwa hiyo kidonge hakimalizi tatizo lote, na atakayekuahidi hivyo anakudanganya.

Kama umeshazaa mtoto wa mgongo wazi au aliyekosa fuvu, au mimba ya namna hiyo iliharibika, au wewe mwenyewe au mwenzako mlizaliwa na tatizo hilo, usijipimie 0.4. Unahitaji kipimo cha miligramu 4 au 5, nacho huandikwa na daktari. Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 1991, uliofanyika katika nchi saba, ulionyesha kwamba kipimo hicho kilipunguza kwa asilimia 72 uwezekano wa tatizo kujirudia. Mwenye kisukari naye aanzie kwa daktari, sukari ikae sawa kabla ya mimba.

Ukienda duka la dawa muhimu, soma pakiti kabla ya kulipa. Neno utakaloliona ni folic acid, na namba inayofuata ndiyo muhimu. Vidonge vya miligramu 5 vipo madukani, na muuzaji asiyeuliza historia yako atakupa hivyohivyo. Vile vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki huunganisha chuma na foliki, kwa kawaida miligramu 60 za chuma na 0.4 za foliki. Ukipata vya namna hiyo kabla ya mimba, vinafaa kabisa, na damu yako itashukuru. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma hicho. Vikikuchafua tumbo, meza usiku baada ya kula.

Kuhusu SP, vidonge vya kuzuia malaria anavyomeza mjamzito mbele ya muuguzi: SP hufanya kazi kwa kumnyima kimelea foleti. Foliki asidi ya miligramu 5 inaweza kuidhoofisha, ya 0.4 haina shida. Bahati nzuri ratiba zenyewe hazigongani. Kipimo kikubwa huishia wiki ya 12, SP huanza wiki ya 13. Ila usiendelee na ile ya miligramu 5 kwa mazoea, na mwambie muuguzi unachomeza.

Dawa nyingine ulizo nazo nyumbani

Mwenye kifafa anayetumia valproati anatakiwa kuzungumza na daktari kabla hata ya kuacha uzazi wa mpango. Dawa hiyo inampa mtoto hatari ya mgongo wazi ya mtu 1 hadi 2 kati ya 100, mara nyingi zaidi ya kawaida, na ipo hatari kwa akili yake pia. Usiiache ghafla, degedege la mfululizo linaua. Daktari ndiye wa kukubadilishia.

Kuhusu ARV kuna hofu iliyoanza mwaka 2018 na bado inazunguka kwenye vijiwe vya Tunduma, mji wa barabara kuu ambako watu wengi wanahudumiwa CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Mwezi Mei mwaka huo watafiti wa Botswana walitangaza kwamba kati ya mimba 426 zilizotungwa mama akiwa kwenye ARV iitwayo dolutegravir, 4 zilikuwa na neli isiyofungwa. Dunia ilishtuka. Hesabu ikaendelea kukusanywa, na kadiri mimba zilivyoongezeka kiwango kikashuka hadi kulingana na cha akina mama wengine. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote, wanawake wanaotaka kuzaa wakiwemo. Kwa hiyo TLD yako, ambayo dolutegravir imo ndani yake, imeze, foliki yako imeze, na ukienda CTC waambie unataka mtoto.

Unga, maharage na pombe

Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na ni mkoa unaolisha wengine: mahindi, mpunga wa Kamsamba, maharage, karanga, parachichi. Foleti ya asili imejaa humo. Maharage ndiyo mfalme, yafuatiwe na karanga, mboga za majani kama mchicha, majani ya maboga na chainizi, halafu parachichi na maini. Kosa letu liko jikoni. Foleti huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu. Mboga ikichemshwa, maji yakamwagwa, kisha ikaungwa tena, kilichobaki ni rangi na ladha. Ikate ikiwa imeshaoshwa, ipike kwa maji machache na muda mfupi, na mchuzi wake uliwe.

Hata hivyo, kufikia miligramu 0.4 za nyongeza kwa chakula peke yake ni vigumu, ndiyo sababu nchi nyingi ziliweka foliki kwenye unga. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2011 kwa unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Unga wa ngano wa viwanda vikubwa umefuata. Tatizo la mkoa wetu ni kwamba sisi ni watu wa ugali, na mahindi yetu tunayapeleka kwenye mashine ya mtaani debe kwa debe. Pale haiingii foliki yoyote. Afrika Kusini, ambako pia wanakula ugali, waliagiza unga wa mahindi na ngano uwekwe foliki tangu Oktoba 2003, na watoto wenye neli wazi wakapungua kwa takriban asilimia 30. Ukinunua unga wa mfuko, soma nyuma. Usipoona foliki asidi imetajwa, huo ni unga mtupu hata kama mfuko unang'aa. Na ile sukari ya Zambia iliyoandikwa kwamba imeongezwa virutubishi ina vitamini A. Haikusaidii kwa hili.

Mahindi yana jambo la pili ambalo haliongelewi vya kutosha. Ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyovunwa mabichi hutoa sumu iitwayo fumonisini, na sumu hiyo huizuia seli kuingiza foleti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpakani mwa Texas na Mexico, kwa watu wanaokula mahindi kama sisi, watoto wasio na fuvu walizaliwa kwa wingi usio wa kawaida, na watafiti baadaye waliihusisha sumu hiyo. Kwa hiyo kausha juu ya turubai, si juu ya udongo. Weka magunia juu ya chaga. Kabla ya kusaga, chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa. Kukoboa hupunguza fumonisini kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda, lakini hupunguza foleti pia. Ushauri wangu: mahindi yaliyochambuliwa vizuri, saga dona, yenye mashaka, koboa, yaliyooza, tupa. Wengi huyapeleka mahindi hayo mabovu kwenye komoni, pombe yetu ya kienyeji, wakidhani moto unaiua sumu. Moto wa sufuria hauimalizi. Na komoni yenyewe, hata ya mahindi safi, iache tangu unapoanza kutafuta mtoto, kwa sababu pombe huharibu kiinitete katika wiki zilezile ambazo hujajua kama kipo.

Homa kali nayo si ya kuvumilia. Ukipata homa wakati unatafuta mtoto, pima malaria siku hiyohiyo na umwambie mtoa huduma kwamba huenda una mimba, ili achague dawa inayofaa.

Akizaliwa na mgongo wazi

Kipimo cha picha cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24 kinaweza kuuona mgongo wazi. Ukiambiwa mapema, panga kujifungulia penye daktari wa upasuaji au karibu naye. Kutoka Tunduma hiyo ina maana ya Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ambayo kitengo chake cha wazazi kiko Meta. Kesi nyingine huendelea hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam.

Mtoto akizaliwa bila taarifa, kwenye zahanati au nyumbani, fanya haya na usiongeze lolote. Funika kidonda kwa gozi safi iliyoloweshwa maji ya dripu ya chumvi, na isikauke. Mlaze kifudifudi au kiubavu, asilalie mgongo. Anyonye. Kisha safari ianze, maana upasuaji wa kufunga mgongo unafaa ufanyike ndani ya siku mbili au tatu kabla ya maambukizi kuingia kwenye uti wa fahamu. Majivu, dawa za majani na mafuta ya aina yoyote visiguse pale. Baada ya upasuaji pima mzunguko wa kichwa kila wiki. Kikiongezeka haraka, utosi ukavimba, macho yakaangalia chini tu, rudi hospitali bila kungoja tarehe ya kadi. Watoto hawa wakihudumiwa mapema wanakwenda shule. Wazazi wao wana chama chao kitaifa, ASBAHT, na madaktari wa MOI wanakifahamu, kiulizie.

Ombi la mwisho ni kwenu wauguzi wa uzazi wa mpango, kuanzia Tunduma, Vwawa na Mlowo hadi Itumba, Chitete na Mkwajuni. Mwanamke anapokuja kutolewa kijiti au kitanzi kwa sababu anataka mtoto, hiyo ndiyo siku yenyewe. Mimba inaweza kutunga mwezi huohuo, na hatarudi kwenu hadi tumbo lionekane. Msimwache atoke mlangoni bila foliki asidi mkononi.